Pete ya Kuzuia Mimba na Damu Inayokuja Bila Kungojewa

Katika vituo vya afya vya Unguja na Pemba, mwanamke anayetaka kupanga uzazi kwa kawaida huelezwa habari za vidonge, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, kitanzi na kondomu. Pete ya ukeni si miongoni mwa njia zilizozoeleka huku kwetu. Anayeitumia mara nyingi amekuja nayo kutoka ughaibuni, au ameletewa na ndugu aliyetoka Maskati, Dubai au London, ikiwa ndani ya pakiti yenye karatasi ya maelezo kwa lugha asiyoimudu vizuri. Jambo la kwanza linalompeleka kwa mkunga, pengine kwa kificho, ni damu: matone katikati ya mwezi, au siku zilizokwisha na kurudi tena baada ya wiki. Malalamiko hayo hayatofautiani sana na ya mwenye kijiti, na sababu ipo. Homoni ya projestini iliyomo katika pete inayotumika zaidi, yaani NuvaRing, ni etonojestreli, nayo ndiyo hiyohiyo iliyomo katika kijiti kimoja cha miaka mitatu kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kwa hiyo mengi yatakayoelezwa hapa yatamfaa pia dada au jirani ambaye hajawahi kuiona pete kwa macho.

Pete hiyo ni mpira laini, mwembamba na unaopindika, wenye upana wa milimita 54 kutoka ukingo hadi ukingo na unene wa milimita 4. Ilianza kuidhinishwa mwaka 2001. Ikiwa ndani ya uke, joto la mwili huifanya iachie polepole, kila siku, takriban mikrogramu 120 za etonojestreli na mikrogramu 15 za istrojeni, homoni nyingine ya kike, ambazo hupita katika ngozi laini ya uke na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Homoni hizo hulizuia yai lisipevuke na kutoka, na ute wa shingo ya kizazi huwa mzito kiasi cha kuzikwamisha mbegu za mwanamume. Mtumiaji huiweka mwenyewe: hunawa mikono, huibana pete kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka pande zake mbili zikutane, kisha huisukuma ndani akiwa amechutama, amelala, au amesimama na mguu mmoja juu ya kibao. Haina mahali maalumu pa kukaa. Ikiwa haimuumizi na haisikii, imekaa sawasawa. Wala haiwezi kupotelea tumboni kama wengi wanavyohofu, kwa sababu tundu la shingo ya kizazi ni dogo mno kuipitisha. Hukaa wiki tatu, hutolewa kwa kuivuta kwa kidole, na baada ya siku saba mpya huwekwa siku ileile ya wiki na karibu na saa ileile.

Katika siku hizo saba ndipo damu hutoka, kwa kawaida siku mbili au tatu baada ya kuitoa pete, na hapa ndipo maelezo mengi ya haraka huwapotosha watu. Mwanamke asiyetumia homoni hujengeka ndani ya kizazi utando mnene kwa ajili ya kulipokea yai, na mimba isipotunga utando huo hubomoka wote kwa pamoja. Mwenye pete halipevushi yai, na utando wake haunenepi kiasi hicho. Damu anayoiona ni matokeo ya homoni kukatizwa ghafla, na ndiyo maana mara nyingi huwa chache, ya siku chache na yenye maumivu madogo kuliko alivyozoea. Mwili wake haukuwa na haja ya kuitoa. Watengenezaji wa vidonge vya mwanzo, miaka ya 1950, ndio walioipanga wiki hiyo ya mapumziko, wakitaka mpango wa vidonge ufanane na mwezi wa kawaida wa mwanamke, na pete imeurithi mpango huo.

Kutokana na hayo, ile hofu inayosikika sana miongoni mwa mama na masomo, yaani makungwi, wanaowafunda wari, kwamba damu isiyotoka hujikusanya tumboni, ikaganda na kuwa uvimbe au ikapanda kichwani, haina msingi kwa mwanamke anayetumia homoni. Hakuna kilichojikusanya, kwa sababu utando haukujengeka. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimesikia wanawake wakipewa dawa za miti za kusafisha kizazi kwa ajili ya damu ambayo haimo, na dawa nyingine zinazoingizwa ukeni huchubua na kuleta damu ya kweli.

Basi hii damu isiyo na mpango inatoka wapi? Chanzo chake kikubwa ni wembamba wenyewe wa utando. Projestini huupunguza na kuufanya uwe dhaifu, na mishipa midogo ya damu iliyo juu yake hupasuka hapa na pale, bila mpangilio, kama chokaa ya ukuta mkongwe wa Mji Mkongwe inavyobanduka kipande hapa na kipande pale ilhali ukuta wenyewe bado umesimama. Istrojeni ndiyo inayousaidia utando huo ushikamane. Pete ina istrojeni na kijiti hakina, kwa hiyo mwenye pete, baada ya miezi ya mwanzo, kwa kawaida huwa na mpangilio mzuri wa damu, na mwenye kijiti anaweza kuendelea kuona matone yasiyotabirika kwa muda mrefu zaidi. Sindano ya miezi mitatu nayo haina istrojeni: huanza kwa vurugu za matone, kisha takriban nusu ya wanaoitumia hukoma kuona damu kabisa unapotimia mwaka. Yote hayo si maradhi. Wala matone peke yake hayaonyeshi kwamba pete imeacha kufanya kazi, ilimradi imekaa mahali pake kwa muda unaotakiwa.

Sharti hilo la muda ndilo linaloleta matatizo mengi. Karatasi ya mtengenezaji husema pete isikae nje ya uke zaidi ya saa 3. Ikizidi hapo, mwanamke aioshe kwa maji ya baridi au ya vuguvugu, kamwe si ya moto, airudishe, na atumie kondomu kwa siku 7, na kama yumo katika wiki ya tatu ni bora aiache hiyo aanze mpya. Miongozo ya kimataifa ya uzazi wa mpango ina nafasi kubwa zaidi na huhesabu hatari kuanzia pale pete inapokaa nje zaidi ya saa 48. Asiyetaka kabisa mimba ashike ile kali. Wako wanaoitoa kwa sababu mume ameihisi, wakailaza juu ya kabati na kuikumbuka alfajiri, na siku mbili baadaye wakaona matone. Homoni imeshuka, utando umelegea, na damu imetoka. Mume akiihisi na ikamsumbua, inaweza kutolewa kwa muda huo mfupi, lakini lazima mmoja wao awe na jukumu la kukumbuka kuirudisha.

Joto nalo halitajwi inavyopasa. Kabla ya kuuzwa, pete hii hukaa katika jokofu la duka la dawa, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishatolewa humo hudumu miezi 4 tu, nayo isiwekwe juani wala penye joto la zaidi ya nyuzi 30. Anayeletewa pete za mwaka mzima katika begi, akaziweka ndani ya kabati la chumba chenye paa la bati huko Wete au Makunduchi wakati wa kaskazi, anahifadhi dawa mahali panapopita kiwango hicho mchana wa siku nyingi. Ziwekwe katika jokofu, sehemu isiyogandisha, na kila pakiti iandikwe tarehe ya kutoka humo. Kama umeme hukatika mara kwa mara, ni salama zaidi kuagizia chache kwa wakati mmoja. Ipo pete nyingine, Annovera, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ambayo haihitaji jokofu na moja hutumika kwa mizunguko 13, huku ikitolewa siku 7 kila baada ya siku 21. Maelekezo yake ya kuosha na kuhifadhi ni tofauti, kwa hiyo yasichanganywe na ya ile ya kwanza. Kuna pia pete ya dapivirini, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 kwa wanawake walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Hiyo haizuii mimba hata kidogo, na pete ya kuzuia mimba haizuii virusi.

Dawa nyingine huifanya pete ikose nguvu. Rifampisini inayotibu kifua kikuu, na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, hulifanya ini liziharibu homoni upesi, na hapo matone yanaweza kuwa dalili kwamba kinga yenyewe imepungua. Mwanamke anayemeza dawa hizo aseme mapema, achaguliwe njia nyingine. Kutapika na kuharisha, kwa upande mwingine, hakuidhuru pete kama kunavyovidhuru vidonge, na hiyo ni faida yake mojawapo kubwa.

Kwa mwanamke wa Kizanzibari, hata hivyo, swali la kwanza mara nyingi si la daktari. Anataka kujua kama ataswali, kama atafunga, na kama mumewe anaruhusiwa kumkaribia. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, hedhi haipungui mchana na usiku mmoja, haizidi siku 15, na tohara, yaani siku za usafi, kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu iliyo nje ya mipaka hiyo ni istihadha: mwanamke hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha huswali na hufunga kama wengine. Pete yenyewe haizuii josho, kwa kuwa imekaa ndani kabisa. Ugumu uko katika matone yanayokuja leo, yakakatika kesho na kurudi keshokutwa, kwa sababu hukumu yake hutegemea yalianza lini na yote kwa pamoja yalifika muda gani, na kosa la siku moja tu katika tarehe ya mwanzo linaweza kuibadilisha. Kulihukumu tone moja moja si kazi ya makala hii. Hiyo ni kazi ya sheikh au ya bibi mwalimu anayeijua fiqhi ya wanawake, na wenye madhehebu mengine wana vipimo vyao. Ninachojua ni kwamba wengi huenda kuuliza bila tarehe.

Kwa hiyo daftari dogo lina thamani kubwa kuliko dawa nyingi. Mkunga atauliza, “Mwanangu, damu hii ilianza lini, na pete uliiweka siku gani?” Sheikh naye atauliza jambo hilohilo kwa maneno yake. Anayeandika kila siku neno moja tu, kwamba hakuna, matone, wastani au nyingi, akaongeza saa ya kuweka na kuitoa pete, rangi ya damu, pedi alizobadilisha na dawa alizomeza, anawajibu wote wawili kwa ukurasa mmoja. Aliyeachwa na yumo edani ana haja zaidi ya kumbukumbu hiyo, kwa kuwa eda yake huhesabiwa kwa tohara, na damu ya pete, au kutoona damu kwa ajili ya sindano, ni jambo la kuelezwa mbele ya kadhi waziwazi tangu mwanzo.

Mwezi wa Ramadhani unaongeza mambo mawili. La kwanza ni kuweka pete. Kwa Shafii, kuingiza kitu ukeni mchana wa saumu kunaibatilisha, kwa hiyo pete mpya iwekwe usiku, baina ya futari na alfajiri. Ile iliyokwisha kuwemo kabla ya alfajiri haina neno. Ikidondoka mchana, mwenye saumu anaweza kuiosha, kuihifadhi mahali safi na kuirudisha baada ya magharibi, kisha atumie kondomu kwa siku 7 ikiwa saa 3 zimepita. La pili ni hamu ya kufunga mwezi mzima bila kula hata siku moja, hamu iliyowapata pia wengi wanaojiandaa kwenda Hija. Pete inawezesha jambo hilo, kwa sababu ina homoni ya kutosha mpaka wiki ya nne: inatolewa, na mpya inawekwa palepale bila ya siku saba za kupumzika. Kitabibu haina madhara ya ziada. Lakini anayeanza pete katikati ya Shaaban kwa nia ya kufunga Ramadhani yote anajitafutia usumbufu, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye matone mengi, na pengine atakaa siku nyingi akishuku saumu yake kuliko zile siku sita au saba ambazo angekula kwa utulivu na kuzilipa baadaye. Kwa maoni yangu, asiyeizoea pete aianze angalau miezi mitatu au minne kabla, auone mwili wake unavyoipokea, ndipo aamue.

Anayeunganisha pete mfululizo akaona matone yanayoendelea siku kadhaa anaweza kujisaidia. Huitoa pete kwa siku 3 au 4, huiacha damu itoke, kisha huirudisha au kuweka mpya, na aghalabu matone hukoma. Masharti ni mawili: asifanye hivyo kabla ya kutimiza siku 21 za mfululizo, wala asifanye zaidi ya mara moja kwa mwezi, kwani kuitoa ovyo ndiko kunakofungua mlango wa mimba. Mtoa huduma anaweza pia kuagiza ibuprofeni, ambayo katika miongozo hutolewa miligramu 800 mara 3 kwa siku baada ya chakula kwa siku 5, kwa asiyekuwa na vidonda vya tumbo, maradhi ya figo wala shaka ya mimba. Dawa hiyo hupunguza damu kwa muda bila ya kuondoa chanzo. Mwenye kijiti au sindano naye ana njia zake za kutibiwa, vikiwemo vidonge vya homoni vya wiki tatu, kwa hiyo asikubali kuambiwa “vumilia tu” kila anaporudi. Wanawake walioelezwa mapema kwamba damu itabadilika huendelea na njia yao kuliko wale walioshtukizwa, na dakika tano za maelezo kabla ya kuanza ni haki ya kila anayeingia chumba cha uzazi wa mpango, awe amekuja na pete yake au amekuja kuchomwa sindano.

Subira ya kungoja damu itulie katika miezi ya mwanzo ina mipaka. Damu iliyoanza upya baada ya miezi mingi ya utulivu, damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au inayoambatana na uchafu wenye harufu, homa na maumivu ya chini ya kitovu, inahitaji kuchunguzwa kwa sababu zisizo na uhusiano na pete: maambukizi, uvimbe wa kizazi, au mabadiliko ya shingo ya kizazi, ambayo saratani yake ni miongoni mwa zinazowaua sana wanawake wa Tanzania. Kipimo cha mimba kifanyike pia, hasa kama pete iliwahi kukaa nje. Anayelowesha pedi nzima kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo, au mwenye maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo pamoja na kizunguzungu, asingoje asubuhi. Apelekwe usiku huohuo Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee au hospitali yoyote iliyo karibu, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuua kwa saa chache. Vilevile istrojeni huweza kugandisha damu ndani ya mishipa, kwa hiyo mguu mmoja uliovimba na kuuma, kifua kinachobana ghafla, au kichwa kinachouma kwa namna isiyowahi kutokea, ni sababu ya kuitoa pete na kwenda hospitali mara moja. Kwa ajili hiyohiyo pete haimfai mwenye presha ya 140/90 au zaidi, aliyewahi kuganda damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mvutaji sigara aliyefika miaka 35, wala mzazi anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Wote hao wana njia nyingine, na wajue kwamba ndugu anayemkabidhi mwenzake pete kama zawadi hajampima presha.

Matone ya siku nyingi, hata yakiwa machache, humchosha mwanamke ambaye tayari ana upungufu wa damu, na wapo wengi. Kipimo cha wekundu wa damu ni cha tone moja la kidoleni. Maini, dagaa, kunde na mchicha husaidia, hasa vikiliwa pamoja na ndimu au embe, na chai isinywewe pamoja na mlo kwa kuwa huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kipimo kikiwa chini sana, chakula peke yake hakitoshi, na vidonge vya madini ya chuma humezwa kwa miezi kadhaa.

Ikiwa miezi minne imepita na damu bado haijatulia, na uchunguzi haukuonyesha maradhi, kubadilisha njia si kushindwa. Kijiti huenda kikaendeleza matone, na kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni, huongeza damu ya hedhi katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu ashauriwe vizuri kabla ya kukichagua. Vidonge vyenye istrojeni inayozidi kidogo ile ya pete huwafaa baadhi ya watu. Yai huweza kupevuka tena ndani ya wiki chache baada ya kuacha pete, tofauti na sindano ambayo baada yake uzazi unaweza kuchelewa kwa miezi, kwa hiyo asiyetaka mimba aianze njia nyingine siku ileile anayoitoa pete, bila kungoja damu ikatike.